Saadani, nchi iliyolindwa na mbung'o

Nyayo za kwanza tulizokutana nazo ufukweni asubuhi ile zilikuwa za kuro. Zilitoka vichakani nyuma ya matuta ya mchanga, zikateremka hadi pale maji yalipokomea usiku, zikasimama, kisha zikarudi zilikotoka. Juu yake, zikikata njia hiyohiyo, zilipita nyayo za mtu asiye na viatu. Askari wa hifadhi aliyetuongoza akachutama, akagusa ukingo wa mchanga kwa kidole. Kuro alipita alfajiri, akasema. Mvuvi amepita sasa hivi, maana unyayo wake bado una maji. Hakuna aliyemkimbia mwenzake. Mmoja alikuja akaondoka, mwingine akaja akaenda kuangalia jarife lake.

Nimetembelea hifadhi kadhaa za nchi hii. Nimeona makundi makubwa zaidi ya wanyama, na simba waliozoea magari kiasi cha kulala kivulini mwake. Lakini nyayo hizo mbili juu ya mchanga mmoja sijaziona kwingine. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara ambako mbuga ya wanyama inateremka hadi kwenye maji ya Bahari ya Hindi. Unasimama mahali pamoja. Mkono wa kulia ngalawa, mkono wa kushoto ngiri.

Kusini yake kuna Mto Wami, kaskazini unapita Mto Mligaji, mashariki ni bahari, na ng'ambo ya bahari hiyo ni Unguja. Upande wa kusini uko mkoani Pwani, upande wa kaskazini unaingia Pangani, mkoani Tanga. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 1,000. Lilianza kama pori la akiba katika miaka ya 1960, likaja kuunganishwa na ardhi iliyokuwa ranchi ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge, na mwaka 2005 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Mtu akiondoka Dar es Salaam baada ya sala ya alfajiri, chakula cha mchana anaweza kukila Saadani. Ndiyo maana inaniuma kwamba watu wengi wa mjini tunaijua Bagamoyo, tunaijua Kigamboni, tunavuka kwenda Unguja kila sikukuu, na Saadani hatujawahi kufika. Wageni wa mbali wanapanda ndege masaa mengi kuja kuona kitu ambacho sisi tunakipita kwa mbali tukielekea Tanga.

Siku ya pili tulitembea. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaokwenda Saadani wanarudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu, na ukiwauliza, walikaa ndani ya gari saa zote. Nyasi za huku ni ndefu. Wanyama wake waliwindwa kwa vizazi vingi, wakajifunza kwamba mngurumo wa injini ni mwanzo wa balaa. Tembo wa Saadani ni waoga, hawakai barabarani wakusubiri upige picha. Ukiwa garini utaona vumbi na mgongo wa ngiri. Ukishuka, ukafunga mdomo, ukafuata mgongo wa askari, mbuga inakufungukia.

Safari ya miguu haifanywi kienyeji. Lazima uiombe mapema, na lazima uende na askari mwenye silaha. Wa kwetu alitupanga mstari mmoja, yeye mbele, mtoto wa dada yangu katikati, mimi nyuma. Akatuambia mambo machache kwa sauti ya chini. Nikiinua mkono, simameni. Nikishusha kiganja, chuchumaeni. Tukikutana na nyati, msikimbie, kwa sababu anayekimbia ndiye anayefuatwa. Kisha akachota vumbi, akaliachia vidole vikiwa juu. Ulikuwa mwezi wa nane, kusi inavuma, na vumbi likapeperuka kuelekea bara. Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa ametushusha mbali kabisa na bahari: alitaka tutembee tukiielekea, upepo ukiwa usoni, harufu zetu zibaki nyuma.

Kwa saa ya kwanza tulijifunza kusoma. Nyasi zilizolala upande mmoja, upana wa mlango, ni njia ya tembo waliopita usiku. Mbele kidogo tukakuta kinyesi chao kimejaa kokwa za milala, na askari akatuonyesha kwamba mti ule unaoota peke yake katikati ya mbuga huenda ulipandwa hivyohivyo, na tembo mwingine, miaka mingi kabla. Kongoni mmoja alisimama juu ya kichuguu akitutazama, masikio mbele. Tohe walipotugundua walipiga mluzi, mluzi hasa, kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya shamba, na mtoto akageuka nyuma kutafuta nani anamwita. Twiga watatu walikuwa kwenye migunga, vichwa juu ya miti, na kwa kuwa tulikuwa chini, bila gari, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona urefu wa twiga ulivyo. Ukiwa juu ya kiti cha gari, twiga ni mnyama mrefu. Ukiwa umesimama kwenye nyasi zinazokufika kiunoni, ni kitu kingine kabisa.

Halafu, kabla hatujaiona, tukainusa bahari. Nyasi zikapungua, udongo mweusi ukageuka mchanga, mivumo ikasimama mbele yetu na vigogo vyake vilivyofura katikati, na sauti niliyodhani ni upepo kwenye majani ikawa mawimbi.

Jua lilipopanda, mbung'o walitufikia. Ni inzi wa kahawia, mkubwa kuliko inzi wa jikoni, ambaye akitua hukunja mabawa moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Anauma kupitia shati. Anavutwa na rangi za giza, hasa buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na ndiyo maana nakusihi msomaji uache suruali ya jinsi nyumbani. Tulimpiga kwa matawi, tukajipaka dawa, tukamlaani. Lakini nimeondoka Saadani nikiamini kwamba mdudu huyu ndiye mlinzi wa kwanza wa nchi hii, kabla ya askari na kabla ya sheria. Historia ya mahali hapa inamthibitisha.

Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa kutoka bara, na mali ikavushwa kwenda Unguja. Mwaka 1876, mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alitaka kuthibitisha kwamba njia ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa inapitika kwa magari ya kukokotwa na maksai, ili mizigo ishuke kwenye vichwa vya wapagazi. Safari yake ya majaribio ilimpa matumaini makubwa. Mwaka uliofuata ukaja msafara wenyewe, na magari yake na maksai wengi. Maksai wakaanza kukonda, wakalala njiani, wakafa, na mizigo ikarudi vichwani. Mbung'o alikuwa amewatia nagana. Wanyamapori wanaishi na vimelea vya ugonjwa huo damuni mwao bila kudhurika sana, lakini ng'ombe huwamaliza.

Miaka 77 baadaye watu wengine wakajaribu tena, safari hii wakiwa na mashine na dawa. Ranchi ya Mkwaja ilianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Walifyeka vichaka, wakachoma nyasi, wakawadunga ng'ombe sindano za nagana, wakapigana vita hivyo kwa karibu nusu karne. Kila walipofyeka, migunga ilichipua upya, na kila migunga iliposongamana, mbung'o walirudi kukaa kwenye kivuli chake. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na ardhi yake ndiyo leo nusu ya kaskazini ya hifadhi.

Upande huo wa Mkwaja kuna jambo ambalo lilinisimamisha kwa muda mrefu. Katikati ya vichaka unakuta viwanja vya majani mafupi, laini, kama vimekatwa jana. Hapo palikuwa na mazizi ya kulaza ng'ombe. Mchana walikula mbali, usiku wakarudi kuacha mbolea mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe wameondoka, wachungaji wameondoka, rutuba imebaki, na majani yanayoota juu yake ndiyo matamu kuliko yote ya jirani. Tulipofika jioni, ngiri wanane walikuwa wamepiga magoti wanachunga, na kuro wawili pembeni yao. Kazi ya wachungaji wale haikupotea. Imebadilisha mwenyewe tu.

Sitakaa sana kwenye Mto Wami, ingawa wengi husema ndio utamu wa Saadani. Unapanda boti, unaingia kati ya mikoko, na mto unakuwa mwembamba na wa kahawia. Viboko wanapumua pande zote, mamba wanateleza majini kabla hujasema "yule pale". Juu ya miti kuna mbega na furukombe, na mdiria anayesimama hewani kama amefungwa uzi. Ni safari ya raha. Mimi nilichokipenda zaidi ni kuona miti ikibadilika kadiri tunavyopanda: mlilana na mchu karibu na bahari ambako chumvi ni nyingi, kisha mikoko yenye mizizi kama miguu ya kaa, mpaka inapoisha yote na mitete inaanza. Maji hayo yametoka mbali, kwenye milima ya Ukaguru na Rubeho, na yanapokutana na chumvi hapa mdomoni ndipo kamba wadogo wanapokulia. Anayekula wali na kamba Dar es Salaam anakula kazi ya mikoko hii.

Wala sitasema mengi kuhusu msitu wa Zaraninge, kwa sababu tulikuwa na asubuhi moja tu. Ni moja ya mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilitapakaa kando ya bahari yetu, na humo ndani hewa ni baridi hata saa sita mchana. Huko usitafute tembo. Tafuta sange, kanyama kenye pua ndefu kama mrija na mgongo mweusi, kanakopekua majani makavu kama kuku. Tulikasikia mara tatu, tukakaona mara moja, na mtoto alihesabu hiyo kuwa siku bora ya safari nzima.

Kijiji cha Saadani kimezungukwa na hifadhi. Watu wanaishi humo, wanasali humo, wanazika humo. Tuliingia kwa miguu baada ya sala ya alasiri. Uduvi ulikuwa umeanikwa juu ya mikeka, harufu yake imejaa njia yote, na mbele kulikuwa na mabwawa ya chumvi yanayong'aa jua likiinama. Heroe walisimama mle kwa mguu mmoja, wekundu hafifu kwenye maji meupe.

Chini ya mkungu tulimkuta mzee anashona nyavu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye sindano yake, akatuuliza tumetoka wapi, na tumekuja na nani. Nilipomwambia tumetembea, akaacha kushona. "Mmefanya vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Wageni wengi hupita hapa vioo vimefungwa. Hata salamu hawatoi." Akatuonyesha njia ya kwenda kwenye magofu ya boma la Wajerumani na makaburi yao.

Nilikwenda, lakini mawazo yangu hayakuwa kwa waliozikwa pale. Yalikuwa kwa Bwana Heri bin Juma. Mwaka 1888, kampuni ya Wajerumani ilipokuja kuishika miji ya mrima, Abushiri bin Salim alisimama Pangani na Bwana Heri akasimama hapa Saadani. Mwaka 1889 manowari za Wajerumani ziliupiga mji kwa mizinga, na askari wa Hermann von Wissmann wakauteka. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Bwana Heri hakushikwa. Alirudi nyuma, bara, kwa watu wake Wazigua, akajenga boma la magogo mahali panapoitwa Mlembule, na akaendelea kupigana hadi mwaka 1890, alipokubali amani kwa masharti yaliyomruhusu kurudi kuujenga upya mji wake. Vichaka tulivyovuka asubuhi kwa hofu ya nyati ndivyo vilivyomficha. Kila mwanafunzi anayeletwa Saadani kumwona twiga anastahili kusimamishwa kwenye ufuko huu pia na kusimuliwa habari hiyo na mwalimu wake.

Uhusiano wa watu na hifadhi haukuwa laini siku zote, na mwandishi anayekwenda kula kamba kisha akanyamaza kuhusu hilo hawatendei haki waliomkaribisha. Wakazi wa Uvinje, kitongoji cha wavuvi, wamekuwa na mgogoro wa mpaka na hifadhi kwa miaka mingi, wakishikilia kwamba pwani ile ni yao tangu kabla ya pori la akiba. Hifadhi yenye kijiji tumboni haiwezi kulindwa kwa bunduki peke yake. Mvuvi yule wa nyayo za asubuhi, akiona faida, ndiye atakayetoa taarifa ya mtego kabla ya askari yeyote. Akiona hasara, atageuza uso.

Tulimalizia Madete, upande wa kaskazini, ambako kasa huja kutaga. Tulifika gizani, bila tochi, kwa sababu mwanga unamvuruga. Jike hupanda kutoka majini usiku, anachimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, anataga mayai mia moja na zaidi, anafukia na kurudi baharini. Anayekutana naye akitaga huona machozi yanamtiririka. Watu wengi wa pwani tulilelewa tukiambiwa analia kwa uchungu. Ukweli ni kwamba anatoa chumvi ya bahari iliyozidi mwilini. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume.

Usiku ule hakuna kasa aliyepanda. Lakini alfajiri tulikuta shimo dogo limebonyea, na kutoka hapo mistari mingi myembamba imetawanyika kuelekea majini, kama mtu amekokota vijiti kadhaa kwa pamoja. Kiota kilikuwa kimeanguliwa wakati sisi tumelala. Mtoto akamwona wa mwisho kabla yetu: kasa mmoja, mdogo kuliko kiganja chake, mweusi, amekwama kwenye unyayo wa mtu.

Akataka kumbeba ampeleke baharini. Askari akamzuia kwa upole. "Mwache mwanangu, aende mwenyewe." Akasawazisha tu mchanga mbele yake kwa kidole, na tukasimama nyuma. Ilimchukua robo saa nzima. Anatambaa, anapumzika, wimbi linakuja linamrudisha nyuma, anaanza tena. Askari akaeleza kwa sauti ya chini kwamba watoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga, na usiku wa asili mwanga huwa ni wa bahari. Ukiwasha taa kali nyuma ya ufuko, watapanda kuelekea taa na kufia vichakani. Akasema pia kwamba kama huyu ni jike na akanusurika, huenda akarudi kutaga kwenye pwani hizihizi, miaka ishirini, thelathini, au zaidi kutoka sasa. Mtoto akauliza, "Mimi nitakuwa na miaka mingapi?" Wimbi la mwisho likambeba, na hatukumwona tena.

Madete ina uzito kwa sababu ya kilichotokea jirani. Karibu na Pangani kuna Maziwe, kilichokuwa kisiwa chenye miti, mojawapo ya sehemu zilizopendwa zaidi na kasa kutagia katika pwani yetu. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Lakini mivinje yake ilikatwa, mchanga ukabaki bila wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimeliwa na bahari. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa bado hujaribu kutaga pale, na mayai yasipohamishwa na watu huzama. Kwa hiyo kila kipande cha ufuko wa bara chenye giza na miti nyuma yake kimekuwa na thamani ambayo hakikuwa nayo zamani.

Sasa lami inakuja. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga inajengwa kwa vipande, na njia yake inapita ndani ya nchi hii niliyokusimulia. Siipingi. Nimepita kwenye udongo wake mweusi, najua mvua za masika zinavyoufanya. Gari linakwama asubuhi na kutolewa kesho yake. Mama mjamzito wa Mkwaja anastahili kufika hospitali kabla ya usiku. Mvuvi wa Saadani anastahili bei ya kamba wabichi, asilazimike kuuza kwa bei anayoitaka mnunuzi kwa sababu barafu imeyeyuka njiani.

Lakini tuangalie Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita ndani ya hifadhi ile kwa kilomita 50 hivi, na licha ya matuta, vibao vya mwendo na faini zilizobandikwa hadharani, wanyama wanagongwa hadi leo. Mbung'o aliyewashinda maksai wa wamisionari, na akaishinda ranchi baada ya nusu karne, hawezi kulishinda lori. Ulinzi wake umefika mwisho. Kinachobaki ni sisi: wanaopanga matuta yawekwe wapi, wanaoamua kama magari mazito yatapita usiku au la, wanaojenga nyumba za wageni na kuchagua taa zake zielekee wapi, na tutakaokuwa nyuma ya usukani.

Kwa hiyo nenda, na nenda kabla ya hayo yote kukamilika, upate kujua unachotakiwa kukitetea. Nenda kati ya Juni na Februari. Masika ya Machi hadi Mei huifunga sehemu kubwa ya njia. Nguo ziwe za kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kulinganisha na anacholipa mgeni, na malipo hufanywa kwa namba utakayopewa, si fedha taslimu getini. Omba safari ya miguu unapopanga safari, usisubiri ufike. Ulizia pia saa za maji kupwa na kujaa, kwa sababu boti ya Wami na matembezi ya ufukweni hufuata bahari, hayafuati ratiba yako; bamvua likiwa limejaa, ufuko wote huwa maji. Kijijini, teremka kwenye gari na uamkie watu. Nunua uduvi.

Na siku lami itakapokamilika, ukiwa unawahi Tanga usiku na ukaona kibao cha hifadhi mbele yako, punguza mwendo hata kama hakuna tuta na hakuna trafiki anayekuona.